Kunuka au Kunukia?

Mpenzi msomaji, je, umewahi kufunga dirisha kwa sababu ya chungu cha jirani? Mimi nimewahi, na leo ningependa kukusimulia jinsi nilivyojutia jambo hilo.

Miaka kadhaa iliyopita nilihamishwa kutoka bara hadi shule moja ya msingi karibu na Msambweni, huko Kwale. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja Mdigo, mtu mzima mwenye heshima zake. Kwetu mchuzi ulikuwa chumvi, kitunguu na nyanya, basi. Kwa bibi huyo, kila jioni mchi ulilia kinuni: uzile, giligilani, pilipili manga, iliki. Kisha vitunguu vikaangwe, manjano yatiwe, tui la nazi limiminwe juu ya samaki. Harufu yake iliingia chumbani mwangu, ikakaa kwenye mapazia, blauzi na hata nywele.

Siku moja nilimwambia mwalimu mwenzangu, bila kupunguza sauti, "Nyumba nzima inanuka bizari!" Mjukuu wa bibi, mtoto wa darasa la pili, alikuwa mlangoni. Akanisahihisha kwa adabu: "Mwalimu, hainuki. Inanukia."

Nilicheka. Lakini tangu jioni ile bibi aliacha kupikia katika kibanda kilichokuwa karibu na dirisha langu. Alihamishia jiko lake la makaa chini ya mwembe, mbali kabisa, na mvua za masika zilipoanza nilimwona ameinama huko, akiukinga moto kwa kipande cha bati. Hakunilalamikia hata neno moja. Naam, msomaji, aibu iliyonishika haikuwa ya kufungiwa dirisha.

Nilikwenda kumwomba radhi. "Mwanangu," akasema, "pua hufunzwa na tumbo. Kaa ule."

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wake. Alinifundisha kwamba harufu ya viungo imo katika mafuta yake. Mbegu zikikaangwa kavu kwa moto mdogo, mafuta hayo huamka. Moto ukizidi huungua, na hapo ndipo jiko hunuka kweli.

Isitoshe, harufu hii ina historia. Majahazi yalileta viungo Pwani kutoka Bara Hindi kwa pepo za kaskazi. Naye Mreno Vasco da Gama, alipofika Malindi mwaka 1498, alikuwa akitafuta njia ya kuifikia nchi ya viungo. Watu walihatarisha maisha baharini kwa kile nilichokifungia dirisha!

Sasa nimerudi mjini, katika nyumba za ghorofa ambamo ukuta mmoja tu hutenganisha jamii mbili. Juzi mama wa mlango wa pili alikunja uso kwenye ngazi akaniuliza ninapika nini. Nilifunika sufuria, nikafungua madirisha, kisha nikampelekea bakuli la mchuzi. Bakuli lilirudi limeoshwa, na ndani yake maembe mawili.

Basi ewe mzazi, mwanao akirudi kutoka shule akisema mwenzake ananuka mchuzi, usicheke naye. Mfundishe ile herufi moja niliyofundishwa na mtoto wa Msambweni.