Mchango Kabla ya Mvua

Kila baada ya mvua kubwa, kazi yangu ya ukatibu wa msikiti huwa ni kuorodhesha michango ya waliofikwa na maafa: magodoro, sufuria, unga na fedha kidogo. Ni sadaka njema, wala isikome. Lakini sisi wa Dar es Salaam tunaikumbuka Desemba 2011, mafuriko yalipolikumba Bonde la Msimbazi hata baadhi ya wakazi wakahamishiwa Mabwepande. Msiba ule ulizidi uwezo wa msikiti wowote.

Kwa nini basi tungoje maji yaingie ndipo tuchangiane? Mwaka 1985, mjini Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliikataa bima ya kibiashara kwa sababu ya gharar iliyomo, likaelekeza kwenye bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya tabarrui. Hiyo ndiyo takaful: washiriki huchangia mfuko mmoja, mwendeshaji hupata ujira wake, na aliyepatwa na janga hufidiwa kutoka humo.

Kinachowazuia wengi si imani, bali ni kulipa mchango wa mwaka kwa mkupuo. Mimi na mke wangu tulipokaa kupiga hesabu tuliliona hilo. Shilingi 120,000 kwa siku moja, karo za watoto nazo zikisubiri, hazipatikani. 10,000 kila mwezi hatuzikosi. Malipo ya awamu humfungulia mlango mama lishe na fundi cherehani.

Hata hivyo, ndugu msomaji, usitie saini kabla ya kuuliza mambo matatu. Je, mafuriko yametajwa waziwazi, au mkataba unahusu moto na wizi tu? Kinga inaanza kwa awamu ya kwanza, au mpaka mchango wote ukamilike? Na awamu ikichelewa, kinga husimama, au deni huongezwa? Kuongeza deni kwa sababu ya kuchelewa ni mlango wa riba. Majibu yote yawe kwa maandishi.

Wako wanaosema kujikinga hivi ni kupungukiwa na tawakkul. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu mmoja amfunge ngamia wake, kisha amtegemee Allah. Masika huanza Machi. Kamba ya kumfungia ngamia hutafutwa jua lingali linawaka.

Wallahu a'lam.