Fishi ya Somo

Nilipoanza kuwafuata vijana wa darasa la sita la sekondari, tawi la pedagojia, kwenye staji zao za kufundisha, huku Lusangi, Maniema, nchini Kongo, kitu cha kwanza kukaguliwa kilikuwa fishi ya somo, yaani mpango wake ulioandikwa. Kila hatua na dakika zake, yote kwa Kifaransa, pambizo zimenyooka. Mstaji alisimama mbele ya watoto wa darasa la kwanza, waliotoka nyumbani na Kibangubangu na Kiswahili, akatamka sentensi alizozikariri usiku. Kisha tulikaa kritiki, kikao cha kukosoa somo. Wenzake waliinuka mmoja mmoja: umekosea jinsia ya neno la Kifaransa, umelipa darasa mgongo, umefuta ubao kwa mkono. Kama watoto wamejua kutoa mbili kwenye tano, halikuwa swali.

Programu ya taifa haikuagiza hivyo. Miaka miwili ya mwanzo ya shule ya msingi ni ya lugha ya taifa, na kwetu Maniema lugha hiyo ni Kiswahili. Sheria ya elimu ya 2014 ikalikazia jambo hilo. Lakini mtihani wa taifa unaompa kijana diploma hufanywa kwa Kifaransa, na mwalimu hulea mwenzake alivyolelewa.

Kilichotusukuma kubadilika ni Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ilipoanza kuwa ya bure. Watoto waliobaki shambani kwa kukosa ada walikuja kwa wingi, wakabanana kwenye mabenchi, wengine chini. Fishi ya dakika kwa dakika haikuwezekana tena. Msichana mmoja wa staji aliwagawia watoto kokwa za michikichi, akawauliza kwa Kiswahili mama amebakiwa na ngapi baada ya kuuza kadhaa. Darasa zima likahesabu. Tangu hapo nakaa pembeni ya watoto, naangalia mikono yao na madaftari yao, na kritiki inaanza na mstaji mwenyewe: nani alielewa, umejuaje?

Nafurahi sana kuona vijana wanajibu kwa majina ya watoto. Kazi iliyobaki ni darasa la tatu, ambako Kifaransa kinachukua nafasi yote kwa ghafula. Sasa wastaji wangu wanaandaa masomo ya kuvuka: hesabu ileile, kwanza Kiswahili, kisha maneno machache ya Kifaransa kila juma. Vitabu vya kuwasaidia ni haba mno. Wanavitunga wenyewe, kwa mkono, na kuviachia shule wanapomaliza.