Pesa ya kurudi iandikwe kwanza

Katika kartye ya Ndosho, magharibi mwa mji wa Goma, kuna mama mmoja mwenye kuuza makala kwa makopo mbele ya nyumba ya kupanga. Yeye, bwana yake na watoto wao wanne walitoka milima ya Masisi kwa sababu ya vita, wakaishi zaidi ya mwaka mmoja ndani ya hema katika kambi moja kando ya mji. Mwezi wa pili mwaka 2025, baada ya M23 kuchukua mji, kambi za kuzunguka Goma ziliondolewa. Familia ilirudi kijijini. Ilikuta kuta zimesimama bila mabati na shamba la maharagi limefunikwa na majani. Baada ya wiki chache wakageuka tena mpaka Goma, na sasa wanalipia chumba kimoja.

Ndiyo maana majirani walishangaa kusikia kwamba familia hiyo inapanga vakansi.

Maneno yalianzia kwenye simu. Kaka yake mama, ambaye alipelekwa Marekani pamoja na wakimbizi wengine miaka iliyopita, alituma video. Alikuwa na watoto wake huko Florida, ndani ya Disney World, uwanja mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 1971. Watoto wa avenue nzima walikusanyika kuangalia magari yenye kupanda juu na kushuka kwa kasi, na panya mkubwa mwenye kupungia watu mkono. Binti wa kwanza wa mama, mwenye miaka 11, aliuliza: “Mama, na sisi tutaenda siku gani?”

Watu wazima walicheka. Mama hakucheka. Usiku alimtumia kaka yake sauti, akamwuliza bei.

Jibu lilikuja asubuhi. Tiketi ya siku moja inapita dola 100 kwa kila mtu, na ni mtoto wa chini ya miaka 3 peke yake mwenye kuingia bure. Yeye na bibi yake walikuwa wameweka pesa kidogo kila siku ya mshahara, zaidi ya mwaka mzima. Kabla ya kuondoka waliandika yote ndani ya daftari: njia, mahali pa kulala, chakula, hata maji ya kunywa. “Dada, tungeenda bila kuandika, tungekwama katikati ya njia,” alisema.

Mama alibaki na neno hilo la daftari. Disney World ni mbali, lakini ziwa Kivu ni mwendo wa saa moja kwa miguu ya watoto. Watoto wake walikuwa wamekwisha kukaa Goma muda huo wote, na ziwa walilijua kwa kuchota maji tu. Hakuna siku hata moja walifika pale bila bidon.

Baba alikataa. Yeye anasukuma chukudu, anabeba mizigo ya watu kutoka sokoni, na jioni mabega yanamuuma. “Mama watoto, nyumba haina mabati, Septemba masomo yanaanza, na wewe unatafuta pesa ya kwenda kukaa kando ya maji?” Hakuwa na kosa. Tangu banki zifunge milango mwezi wa kwanza, pesa imekuwa ngumu mjini, na noti zilizochakaa watu wanazikataa. Hesabu ya mama ilikuwa franka 500 kila siku kwa siku 60, ni kusema 30,000. Pesa hiyo inakaribia bati moja.

Mama hakubishana sana. Alisema tu kwamba pesa ya likelemba haitaguswa. Yeye na akina mama wenzake wanne wanachanga kila siku, na zamu yake ni ya masomo na mabati. Franka 500 za ziwa zitatoka kwenye faida ya makala, na siku ambayo makala hayakutoka, kopo halitapata kitu. Baba alinyamaza. Kwake, kunyamaza si kukubali, lakini si kukataa tena.

Tangu mwanzo wa Juni noti ziliingia ndani ya kopo tupu la maziwa, zikiwa zimefungwa ndani ya sashe ili zisichafuke. Binti wa miaka 11 alipewa kazi ya daftari. Kila jumapili jioni alisoma hesabu kwa sauti, na wadogo wake walisikiliza.

Jambo la kwanza lilikuwa kuchagua mahali. Mtoto wa miaka 8 alitaka kupanda mtumbwi wa mota. Mama alikataa mara moja. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiona kwa macho, na familia nyingi za Goma bado zinalia. Kupanda bila jile ya kuokoa maisha hakumo ndani ya hesabu yake, hata kama ni bure.

Gisenyi, ng’ambo ya mpaka, kuna ufuko mzuri wa mchanga. Lakini mpakani wanaomba vitambulisho, na karte ya baba ilipotea njiani wakati wa kukimbia. Lac Vert ni karibu na Ndosho na haina gharama kubwa, lakini upande ule una mazuku, hewa mbaya yenye kutoka chini ya mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, inajikusanya mahali pa bonde, hasa usiku na asubuhi mapema kama hakuna upepo. Mtoto ndiye anapatwa kwanza kwa sababu pua yake iko karibu na udongo. Mama aliijua tangu kambini, ambako wazee walikataza watoto kuingia katika mashimo yenye majani makavu na wadudu waliokufa.

Baba mwenyewe, bila kuulizwa, alitaja Nyiragongo. Alisema kabla ya 2020 wazungu walilipa dola 300 kwa ruhusa ya kupanda na kuona moto. “Sisi kambini tulikuwa tunauona kila usiku bila kulipa,” alisema, na siku hiyo wote walicheka.

Mwishowe walichagua ziwa lenyewe, mahali penye kulipisha kidogo na penye mlinzi. Sehemu kubwa ya ukingo wa ziwa mjini ina hoteli na nyumba zenye kuta ndefu, hivyo maskini anapashwa kuuliza sana kabla ya kupata mlango. Mama alitembea pale siku ya kazi, akauliza bei. Kurudi nyumbani alimwambia binti aandike.

Mstari wa kwanza ndani ya daftari ulikuwa kurudi. Mama alisema watakwenda kwa miguu wakiwa na nguvu, lakini jioni watoto watakuwa wamechoka, na pesa ikiisha kule hakuna wa kuwasaidia. Kwa hiyo taxi-bus ya kurudi, viti vinne na wadogo juu ya magoti, franka 4,000, ikafungwa peke yake ndani ya kona ya kitenge chake. Kuingia, wakubwa wawili na watoto watatu, 7,000, kitinda mimba bure. Sambaza, unga wa fufu na mandazi ishirini, 9,000. Fanta mbili kubwa za kugawana, 4,000. Picha moja, 1,000. Akiba ya jambo lisilojulikana, 5,000. Maji watabeba kutoka nyumbani.

Siku yenyewe ilikuwa jumapili moja ya Agosti, baada ya misa. Mama aliamka mapema, akakaanga sambaza, akafunga sufuria ndani ya kitambaa, akakunja kitenge cha kukalia, akaweka sahani ndani ya kapu. Alipogeuka alimkuta mtoto wa miaka 8 amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa mashati yake mawili moja juu ya lingine, na triko juu yake, ingawa jua lilikuwa limekwisha kuwaka. Chini ya mkono alikuwa ameshika madaftari ya masomo na kikombe chake.

“Mama,” aliuliza, “tunakimbia tena?”

Hakuna aliyejibu mara moja. Baba, ambaye alikuwa anafunga viatu, aliacha kamba ikining’inia. Mara tatu mtoto huyo ameona mama yake akifunga sufuria ndani ya kitambaa: siku ya kutoka Masisi, siku ya kutoka kambini, na siku ya kutoka kijijini mara ya pili. Kila mara walikwenda na hawakurudi mahali walipolala.

Ni baba aliyechukua daftari la hesabu. Alipiga magoti, akamwonyesha mtoto mstari wa kwanza kwa kidole, akamwambia asome mwenyewe. Mtoto alisoma polepole: “Ku-ru-di. Franka 4,000.” Kisha baba akachukua kifuli, akafunga mlango, akampa mtoto ufunguo aubebe. Mtoto alivua triko. Shati la pili alikataa kulivua.

Mambo hayakuenda yote kama yalivyoandikwa. Kule mlangoni waliambiwa kwamba chakula cha nje hakiingii, jambo ambalo hakuna mtu alimwambia mama siku ya kuuliza. Mlinzi hakuwa mkali, lakini sheria haikuwa yake. Familia ilirudi hatua ishirini, ikatandika kitenge juu ya mawe meusi kando ya barabara, ikala sambaza na fufu pale pale mpaka sahani ikabaki nyeupe. Ndiyo baada ya kula waliingia.

Wakati wa kula mama aliwaeleza watoto kwamba sambaza nao ni wageni katika ziwa hilo. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna mtu wa Goma au Bukavu anayeweza kula bila kuwafikiria. Kitinda mimba aliuliza kama samaki walikuja na moto au kwa miguu.

Ndani ya maji walikaa muda wa saa tatu, mahali pa kufika magotini tu, baba akisimama upande wa kina. Ziwa Kivu linashuka haraka, hatua chache kutoka ukingoni mtoto hagusi chini tena. Binti alijaribu kuogelea akashika mchanga. Mtoto wa miaka 8 alikaa muda mrefu kwenye jiwe na ufunguo shingoni, akiangalia. Fanta ilipofunguliwa alishuka, na baadaye aliingia maji na mashati yake yote mawili. Mwenzake wa miaka 5 alikatwa mguu na jiwe la lava, na akiba ikalipa bandeji na dawa ya kidonda, franka 1,500. Picha ilipigwa, ya simu, wote sita na jua machoni.

Saa kumi na moja mama alifungua kona ya kitenge. Pesa ya kurudi ilikuwapo. Ndani ya taxi-bus watoto watatu walilala kabla ya kufika rond-point ya kwanza. Yule wa ufunguo hakulala. Walipofika Ndosho alikimbia mbele, akafungua mlango, akaingia, akaangalia kitanda, beseni na gunia la makala. Kisha akatoka, akasema: “Vyote viko.”

Jioni ile hesabu ilifungwa. Kutoka 30,000 zilibaki 3,500. Mama alifikiri bwana yake ataziomba kwa ajili ya mabati. Baba alizihesabu mara mbili, akaziweka tena ndani ya kopo la maziwa, akalirudisha juu ya dirisha.

Sasa majirani wawili wameomba kuona daftari hilo. Mama anawaambia yale yale: msiguse likelemba, mwulize bei na sheria za mlango siku ya kazi, msiende bondeni asubuhi, mtoto asipande mashua bila jile. Na kabla ya kuandika sambaza au Fanta, mwandike kurudi, halafu mwonyeshe watoto mstari huo kabla ya kufunga sufuria.