Chuma kwa Chuma

Disiki ya mbele ya Noah moja inayobeba abiria kati ya Mgori na Singida mjini ilipovuliwa, upande mmoja ulikuwa umeliwa hadi matundu ya kupitishia upepo yakawa yanachungulia. Pedi ilikwisha zamani. Kilichokuwa kikibana ni bati lake tupu. Kijana mwenye usukani alipoulizwa kama hakuwa akisikia kelele, alijibu kwamba alisikia, ila alidhani ni mchanga, na redio ipo.

Mzee mmoja aliyekaa pembeni, utingo wa malori enzi zake, alicheka kwanza. Kisha akakasirika, maana kelele ile imewekwa makusudi. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa bati. Nyama ya pedi, ambayo ikiwa mpya ina milimita 10 hivi, ikipungua hadi karibu 3, ulimi huo hugusa disiki na kupiga mluzi. Ukipuuza mluzi, unafuata mkwaruzo. Ukipuuza mkwaruzo, pistoni inatoka kupita mahali pake, mafuta ya breki yanavuja, na pedeli inazama hadi sakafuni.

Enzi za mzee hapakuwa na mluzi. Palikuwa na Land Rover 109 na malori ya Bedford, yote ya breki za ngoma, na breki ilijulikana kwa mguu wa dereva na sikio la utingo. Land Rover ile ilikuwa na ngoma magurudumu yote manne, na nyuma ya kila gurudumu mna nati ya kurekebishia. Utingo alipiga jeki, akakaza nati mpaka gurudumu ligome, akairudisha kidogo, akazungusha gurudumu kwa mkono huku akisikiliza. Mzee anasema walifanya hivyo kila wiki. Pengine anatia chumvi.

Shu zikiisha, zilipelekwa mjini kwa fundi ambaye mzee hamtaji bila kutanguliza neno marehemu. Kazi yake ilikuwa hiyo moja: kubandua bitana iliyokwisha na kupiga mpya kwa ribiti. Alikuwa na kipande cha reli alichokifanya fuawe, nyundo ndogo, na kopo la ribiti alizozihesabu kabla ya kukuachia ukae. Akimaliza kupiga, alipaka chaki ndani ya ngoma, akarudisha shu, akazungusha, akaitoa tena. Palipopata weupe ndipo palipogusa, na hapo palipigwa tupa. Kisha chaki tena. Shu moja ingeweza kula asubuhi nzima, na dereva mwenye haraka aliambiwa akanywe chai.

Alikuwa mkali. Lori likiletwa ribiti zimeshachimba mifereji kwenye ngoma, mwenye lori alifokewa mbele ya utingo wake, kwa sababu bitana ingepatikana kwa kuhangaika, lakini ngoma mpya miaka ile ilikuwa ndoto. Mzee anaukumbuka mfoko mmoja wa mwaka 1979. Baadaye akasema hapana, ni 1982, maana lori lenyewe lilikuwa limeshauzwa kwa mtu mwingine. Tuuache mwaka.

Hata hivyo fundi huyo alipuliza vumbi la ngoma kwa mdomo, na bitana za wakati ule kwa kawaida zilikuwa na asbesto, ambayo leo inajulikana kuleta kansa ya mapafu. Yeyote anayeililia zamani yote kwa jumla akumbuke na hilo.

Harufu anayoijua mzee kuliko zote ni ya Sekenke, mteremko wa kutoka Iramba kwenda bonde la Wembere, njia ya Igunga na Nzega. Kabla ya lami, lori lenye shehena lilishuka pale kwa kunong'ona, utingo amening'inia nyuma na gogo mkononi, tayari kuruka na kulisukumiza chini ya tairi. Breki zilizoungua zilinuka kama pembe ya ng'ombe iliyotupwa motoni. Sheria ilikuwa moja: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Siku hizi dereva anafika kileleni anaweka frii aokoe mafuta, na uzito wote wa gari anaibebesha pedi.

Mengine yalikuja haraka. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano vilianza kuusimamia msitu wa Mgori, na malori ya kuvuna mbao kiholela yakaanza kuiogopa njia. Zikaingia Hiace, kisha Noah, Probox na IST za mitumba kutoka Japani. Pedi zikawa bidhaa ya kawaida dukani, na kadiri zilivyozidi kupatikana ndivyo watu walivyozidi kuchelewa kuzibadilisha. Mwaka 2021 Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilianza kulikagua gari la mtumba likishafika nchini; lakini gari likishaingia barabarani, kwa wenye magari wengi, gurudumu hufunguliwa siku ya pancha.

Bodaboda nazo zimerudisha ngoma. Breki ya nyuma ni shu mbili, na fimbo yake ina nati ya kukazia shu zikipungua. Vijana wanaikaza, wanaikaza, mpaka uzi wa fimbo unaisha. Wapo wanaopachika washa mbili tatu ili nati ipate pa kuuma, abiria anapanda, na safari inaendelea.