Masika katika Migomba ya Mukono

Kilomita 20 hivi mashariki ya Kampala, katika barabara iendayo Jinja, ndipo ulipo mji wa Mukono. Msafiri aiachaye lami na kushika njia ya udongo mwekundu haoni nyumba kwanza, bali migomba. Nyumba imo ndani yake, na shamba hilo Waganda huliita lusuku.

Mvua za Machi hadi Mei zikianza, mama wa nyumba, ambaye ndiye mwenye amri ya lusuku, hutoka alfajiri na panga. Mbolea ya dukani haitumiki. Majani makavu hutandazwa chini yahifadhi unyevu, maganda ya ndizi hupewa mbuzi, na samadi yao hurudi shinani. Maharage hupandwa penye nafasi, na mibuni hukua chini ya kivuli cha mituba, miti ambayo magome yake hupondwa kwa nyundo yakawa nguo.

Lakini siku hizi panga hilo hupitishwa motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mnyauko wa bakteria uligunduliwa nchini Uganda mwaka 2001, na ulianzia Mukono hapa hapa. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, ndani zina madoa, na shina likikatwa hutoka ute wa manjano. Hakuna dawa ya kuuponya. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua. Kwa hiyo mara vichane vya mwisho vitokapo, ua la kiume huvunjwa kwa kijiti chenye panda, wala si kwa kisu. Mgomba uliougua hukatwa usawa wa udongo. Ni kazi ya kuchosha, na jirani mmoja mzembe hutosha kuwarudisha wote nyuma.

Masika yana fadhila zake pia. Juu ya vichuguu huchomoza uyoga mdogo mweupe, na watoto hutumwa na vikapu kabla kuku hawajaamka. (Watu wa ukoo wa Butiko hawauli, maana uyoga ndio mwiko wao; kwao hupikwa mboga nyingine, na hakuna anayenuna.) Kumbikumbi nao huitwa kwa kugonga vijiti karibu na kichuguu, wakadhani mvua imeshuka, wakatoka.

Chakula chenyewe hakitaki haraka. Ndizi mbichi humenywa, hufungwa katika majani mabichi yaliyolainishwa motoni, na kuwekwa juu ya vikonyo vilivyopangwa chini ya sufuria ili zisiguse maji. Zikiiva kwa mvuke, mama hulibinya furushi kwa viganja, moto haumwogopeshi, kisha hulirudisha jikoni. Pembeni uyoga huchemka katika mchuzi wa karanga zilizotwangwa. Mvua ikigonga bati, mkeka hutandikwa, furushi hufunguliwa katikati, na mvuke wa rangi ya dhahabu hupanda hadi darini.