Binti wa Kaka na Glavu Zake

Kikao kiliitishwa tarehe 27 Desemba, siku ambazo kila Mchaga aliye mbali amekwisha kurudi mlimani na hakuna awezaye kusingizia kwamba hakupata habari. Tulikaa chini ya migomba, nyuma ya nyumba ya marehemu baba, huku kwetu Kibosho, mbege ikizunguka taratibu. Ajenda ilikuwa moja. Binti wa kaka yangu, mwenye miaka 31 na watoto wawili, alikuwa ameingia kwenye ngumi mjini Moshi. Alikwenda mazoezini kupunguza mwili baada ya uzazi wa pili. Sasa alitaka kuwa bondia wa kulipwa.

Msomaji asiyejua mila zetu na afahamu kwamba shangazi kwa Wachaga si mgeni wa kuja kula na kuondoka. Neno lake hungojewa. Kaka alinijia mapema, akaniambia, "Dada, wewe ndiye wa kumkataza. Mimi akinitazama tu nashindwa." Nilikubali. Sitaki kudanganya hapa: nilikubali kwa moyo mmoja. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na samaki hukunjwa angali mbichi.

Usiku wa kuamkia kikao, binti alikuja jikoni kwangu. Akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi za mtori bila kuambiwa. Baada ya kitambo akasema, "Shangazi, unamfahamu Alicia Ashley?"

Sikumfahamu. Akanisimulia, na kesho yake nikamwomba mwanangu anisomee habari hizo katika simu yake nione kama sikuongopewa. Sikuongopewa. Ashley alizaliwa Jamaika mwaka 1967, akakulia Marekani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kucheza dansi jukwaani. Alipoumia goti, dansi ikamponyoka, akaingia katika michezo ya kupigana kwa mikono na miguu, njia ambayo kaka yake alikuwa ameitangulia. Ngumi za kulipwa alizianza mwaka 1999, akiwa na miaka 31. Umri ule ule wa binti yetu! Mabondia wengi katika umri huo wanahesabu mapambano yaliyosalia.

Sasa sikiliza ajabu yake. Mwaka 2011 alitwaa mkanda wa dunia wa WBC katika uzito wa super bantam. Baadaye ukamtoka. Tarehe 29 Oktoba 2015 akaurudisha, akiwa na miaka 48 na siku 67, umri ambao mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kulalamikia magoti nikipanda kutoka mtoni. Naye hakuwa mtu wa kuangusha watu. Ushindi wake mwingi ulikuwa wa pointi. Alitumia mkono wa kushoto, na ile miguu ya dansi ilimfundisha kuwa mahali ambapo ngumi haipo. Nilipoelewa hilo ndipo nilipoanza kulegea kidogo, maana nilikuwa nimedhani ngumi ni kazi ya kuvumilia kipigo, na kazi hiyo wanawake tumeifanya bila malipo.

Aliyemvua mkanda ni jirani yetu. Tarehe 1 Oktoba 2016, huko Flint, Michigan, Fatuma Zarika wa Kenya, naye ni mama, alimshinda kwa pointi ambazo majaji wenyewe hawakukubaliana kauli moja. Mkanda ukaja Nairobi, ukakaa hadi Novemba 2019, Yamileth Mercado alipouchukua kule Mexico.

Lakini kaka naye alikuwa na mfano wake, na ulikuwa mzito. Kikaoni alisema jina moja tu: Conjestina. Wote tulinyamaza. Conjestina Achieng wa Siaya alivuma Afrika Mashariki yote mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baadaye akaugua maradhi ya akili, na picha zake za unyonge zikatembea magazetini kama zile za ushindi. Sijui kuunganisha ugonjwa na mchezo, mimi si daktari. Ila kichwa ni kichwa, na ngumi haikipigi kwa heshima. Kaka alikuwa na haki ya kuogopa.

Kisha wakanigeukia mimi.

Nilitazama ile migomba. Mwaka 1985, nikiwa na miaka 27, nilipata nafasi ya kwenda kusoma zaidi Dar es Salaam. Kikao kama hiki, mahali hapa hapa, kilisema mwanamke mwenye mtoto mchanga umri wa shule umempita. Waliosema hivyo wote wamekufa. Niliwazika, nikawalilia kwa haki, sina chuki nao. Lakini maneno niliyokuwa nimeyaandaa kwa ajili ya binti yalikuwa yale yale yao, hata mpangilio. Nikaona haya.

Nikasema apigane. Nikaweka masharti: apimwe na daktari kabla ya kila pambano, asipande ulingoni kama hakuna daktari pembeni, asikubali promota kumpa mpinzani wa uzito mkubwa kwa tamaa ya shilingi, na siku daktari akisema basi, iwe basi. Kaka aliinuka, akaenda kuwakatia ng'ombe majani ambayo yalikuwa yamekwisha kukatwa. Kesho yake asubuhi binti aliweka jani la sale mlangoni kwa baba yake, ndiyo namna yetu ya kuomba radhi. Jioni halikuwapo. Nani aliliondoa, sikuuliza.

Pambano la kwanza lilikuwa Mei, raundi nne. Nilikwenda na kanga yangu ya Jumapili. Raundi ya tatu nilifumba macho; nilipofumbua, alikuwa bado amesimama, anazunguka kuliani kama alivyofundishwa. Akashindwa kwa pointi.

Kaka hakuja. Saa tano usiku simu yangu ililia. Hakuuliza nani ameshinda. Aliuliza kama meno yapo yote, na kama binti amekula.