Safari za Mwaka Ujao

Mwaka waelekea kwisha, na penye watu watatu hapakosi mmoja kuuliza, "Mwaka ujao mwakusudia kwenda wapi?" Wengine hujibu kwa furaha, wengine hunyamaza. Wako Wakristo wenzetu waonao ya kuwa kutaja safari kabla ya wakati wake ni majivuno. Huleta maneno ya mtume Yakobo, aliyewakemea wale wasemao kwamba leo au kesho watakwenda mji fulani na kufanya biashara huko, hali hawayajui ya kesho. Sisi walimu tumelifikiri jambo hili mara nyingi, na leo twapenda kueleza tulivyoliona.

Yakobo hakukataza watu kupanga safari. Alikataza kupanga kana kwamba Mungu hayuko, akafundisha kwamba kila kusudi letu tuliweke chini ya mapenzi ya Bwana. Na tukimtazama mtume Paulo, twaona mtu asiyeficha safari zake hata kidogo. Aliwaandikia Wakorintho ya kuwa atafika kwao akiisha kupita Makedonia, na huenda akakaa nao siku za baridi. Aliwaandikia Warumi, katika sura ya 15, ya kuwa akusudia kwenda Hispania, na njiani atawaona wao, ila kwanza hana budi kupeleka sadaka Yerusalemu. Mambo hayakwenda kama alivyopanga, kwani Rumi alifika akiwa mfungwa. Walakini ndugu wa Rumi walitoka mjini wakaja kumlaki njiani, naye alipowaona akamshukuru Mungu, akapata moyo. Walikuwa wamekwisha kuijua nia yake miaka michache kabla. Basi, mtu aliyeitaja safari yake ana watu wa kumlaki. Aliyeificha huenda peke yake, au haendi kabisa.

Alikuwako mwalimu mwenzetu mmoja ambaye kwao ni mbali, upande wa Ziwa Tanganyika. Kila mwaka alikusudia kwenda kumwona mama yake, lakini kusudi hilo alilificha moyoni. Kila mwezi alimpelekea fedha kidogo, na kila Jumapili alisema naye kwa simu. Mama akimwuliza, "Mwanangu, waja lini?" yeye hujibu, "Karibu, mama." Ikifika Desemba nauli imekwisha kuliwa na haja nyingine: mara mabati ya nyumba, mara arusi ya jirani, mara deni la duka. Ikawa hivyo miaka mitatu. Mwaka wa nne aliitwa kwa haraka, akasafiri usiku na mchana, akakuta kaburi limekwisha kufukiwa. Khanga na blanketi alizonunua njiani akawapa shangazi zake. Aliporudi hakumlaumu mtu, lakini alisema neno ambalo hatujalisahau: "Kama ningaliwaambia, mngalinisukuma."

Tangu hapo walimu wa shule yetu tumejifanyia desturi. Kabla ya kufunga shule mwezi wa Desemba twakaa pamoja, na kila mtu hutaja mambo matatu: mwaka ujao akusudia kwenda wapi, safari itamgharimu kiasi gani, na atarudi siku gani. Mmoja wetu huyaandika yote katika daftari. Kisha kila mshahara utokapo, kila mtu huweka kidogo katika sanduku la safari, kwani haba na haba hujaza kibaba. Bwana wetu mwenyewe alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi twaona ya kuwa safari nayo ni mnara.

Katika daftari hilo safari ya kwanza si ya kutazama miji. Ni ya mwezi wa Juni, nayo ni ya kwenda kwa wazazi, au kwa wale waliotulea ikiwa wazazi wamekwisha kulala. Twauchagua mwezi huo kwa sababu masika yamepita na njia zimekauka, na huku kwetu Ugogo mtama na uwele vyaingia ghalani, hata mgeni hawi mzigo kwa mwenyeji. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu arudiye kwao asingoje siku ya tatu. Na atwae fimbo apure nafaka pamoja na ndugu zake, ili wasiseme kwamba elimu imemfanya kuwa mgeni nyumbani kwa baba yake.

Safari ya pili ni ya Desemba ijayo, Mungu akipenda, nayo ni ya kujifunza. Sita miongoni mwetu twakusudia kushuka pwani. Wazee waliochukua mizigo ya misafara walitembea majuma mengi kutoka huku Ugogo hata Bagamoyo. Baadaye Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na safari ya majuma ikawa ya usiku mmoja. Tangu mwaka 2024 iko reli mpya, ambayo treni yake huenda kwa nguvu za umeme, na mtu aondokaye Dodoma hufika Dar es Salaam kwa muda wa saa nne hivi. Njia imekuwa nyepesi. Yafaa tusiwasahau walioipita kwa miguu.

Bagamoyo twataka kuona misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ambako watumwa waliokombolewa walipewa mashamba na kufundishwa kazi. Huko ndiko ulikofikishwa mwili wa David Livingstone mwezi wa Februari 1874. Alikufa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo sasa Zambia. Waafrika waliokuwa naye walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua hata pwani muda wa miezi tisa hivi, katika njaa, maradhi na hatari za njia. Chuma na Susi ndio waliokuwa viongozi wao. Pamoja nao alikuwako Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya misheni katika Bara Hindi. Yeye ndiye aliyesoma ibada ya maziko na kuchonga maneno ya ukumbusho katika mti, akaandika pia habari za safari. Sisi tufundishao watoto kushika kalamu twapenda kuwaambia habari za kijana huyu.

Kutoka Dar es Salaam boti hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Huko twakusudia kuingia kanisa kuu la Kristo, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka ule ule. Askofu Edward Steere, aliyesimamia kazi hiyo, alikufa mwaka 1882 akazikwa mle. Umo pia msalaba uliotengenezwa kwa mti ule wa Chitambo. Twataka kusimama pale palipouzwa watu, tusali, kisha turudi tukawasimulie watoto ambao labda hawataiona bahari kwa macho yao.

Mzee mmoja wa kanisa alipoisikia habari hii alituuliza, "Wanangu, fedha hiyo ya nauli si ingetosha kununua mbuzi?" Tukamjibu, "Ingetosha, mzee wetu. Lakini mbuzi huliwa na nyumba moja. Habari ya safari italiwa na shule nzima." Akacheka, akasema, "Basi mkirudi mje mnisimulie na mimi, nijue kama imenishibisha." Sharti hilo tumelikubali, nalo limeandikwa daftarini.

Kwa ajili ya wale watakaosafiri, twaongeza machache tuliyojifunza njiani. Tiketi za mwezi wa Desemba zinunuliwe mapema, kwani siku za Krismasi watu ni wengi. Kitambulisho kisiachwe nyumbani. Fedha isiwekwe yote mahali pamoja. Chakula na maji vichukuliwe hata kama safari ni fupi. Mwaka mmoja gari letu liliharibika porini, tukalala hapo, na mihogo ya kuchoma ya mama mmoja msafiri ilitulisha watu saba. Kila jioni andika ulichokiona, maana jicho huona mengi na kesho yake husahau. Tena wako wasemao, msafiri kafiri, wakapata udhuru wa kuacha sala. Sisi twaona ya kuwa Jumapili ikimkuta Mkristo mji wa ugeni, na aulizie kanisa. Huko atapata ndugu asiowajua bado.

Wenyeji wa pwani husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ndiyo sababu katika daftari letu siku ya kurudi huandikwa pamoja na siku ya kwenda. Wako watoto watungojao darasani, na mzee mmoja atungojaye barazani.

Basi, ndugu msomaji, kabla mwaka haujaisha, mwambie mwenzako mmoja unakotaka kwenda. Kama unaye mama au baba aulizaye waja lini, mtajie mwezi, kisha uanze kuweka nauli. Ukisema, sema, "Mungu akipenda." Naye Mungu akipenda, pasiwe na jambo la kukuzuia isipokuwa Yeye.